"Hakikisha Kamera Imewashwa": Ujumbe Unaoilaumu Kebo Isiyo na Kosa

Chomeka kamera kwenye kompyuta ya Linux, fungua digiKam uhamishe picha, na siku mbaya utakutana na dirisha dogo. Linakuambia kuwa imeshindikana kuunganisha na kamera, uhakikishe imechomekwa vizuri na imewashwa, halafu linauliza kama ungependa kujaribu tena. Unacheki: kamera inawaka, kebo imeingia hadi mwisho. Unajaribu tena, jibu ni lile lile. Hapo wengine huanza kubadilisha kebo, na wengine huanza kuulizia bei ya kamera nyingine.

Leo tunahakiki ujumbe huo, si programu nzima. Kwa kupanga maelfu ya picha, kuziwekea lebo na kuzitafuta baadaye, digiKam ni kazi nzuri mno, tena ni ya bure. Shida yetu ni ile sentensi. Ujumbe wa hitilafu ni kama dhana tete kwenye utafiti: unadai kujua tatizo linatoka wapi. Dhana ikiwa mbovu, utapima vitu visivyohusika mpaka uchoke.

Kamera si flashi diski

Flashi diski ukiichomeka, kompyuta inaisoma moja kwa moja kama diski. Kamera nyingi haziko hivyo. Zinatumia itifaki iitwayo PTP, ambayo imo kwenye kiwango cha ISO 15740. Kwa PTP, kompyuta haiigusi kadi ya kumbukumbu. Inaiomba kamera: nipe orodha ya picha, haya, sasa nipe hii ya tatu. Kamera ndiyo inayojibu.

Kwenye Linux, anayejua kuongea lugha hiyo ni maktaba ya programu huria iitwayo libgphoto2, inayotambua aina zaidi ya 2,500 za kamera. digiKam inaitegemea, Shotwell pia, na hata gphoto2, ambayo unaitumia kwa kuandika amri kwenye terminali.

Sasa ndipo mambo yanaponoga. Kompyuta zenye mazingira ya GNOME zina huduma inayofanya kazi kimyakimya, gvfs. Ukichomeka kamera, gvfs inawahi kuifungua ili uione kwenye dirisha la mafaili. Nayo inatumia libgphoto2 hiyo hiyo! Na kanuni ya USB kwenye Linux ni kwamba mlango wa mawasiliano wa kifaa hushikwa na programu moja tu kwa wakati mmoja.

Fikiria bafu la hosteli. Aliyewahi kufunga mlango ndiye mwenye bafu, wewe uliye nje na ndoo yako unasubiri. Halafu anapita mtu anakwambia, "Hebu hakikisha bafu lina maji." Maji yapo. Tatizo ni kwamba ndani kuna mtu.

Programu tatu, kauli tatu

Kosa hilo lina jina na namba. Maktaba inaporudisha jibu la -53, maana yake ni moja: nimeshindwa kukishika kifaa cha USB. Angalia sasa programu zinavyolifikisha kwako.

gphoto2 inasema ukweli wote. Inakutajia namba, inakwambia kifaa kina shughuli, na inaitaja hata gvfs kwa jina kama mshukiwa. Ila lugha yake ni ya mafundi. Mgeni akiona mistari ile anafunga terminali na kwenda zake.

Shotwell ndiyo iliyonikosha. Inasema kamera imefungwa na programu nyingine, hivyo funga programu hiyo kisha ujaribu tena. Ikigundua kuwa kamera imefunguliwa na dirisha la mafaili, inakuomba ruhusa ya kuiachilia. Ni maneno machache, na mtu ambaye hajawahi kusikia neno PTP anajua la kufanya.

digiKam inakutuma kwenye kebo.

Kuna hoja ya kuitetea: mara nyingi watu husahau kweli kuwasha kamera, na ujumbe mfupi hauwatishi wageni. Sawa. Lakini kamera iliyozimwa na kamera iliyoshikwa na mwingine hazirudishi jibu moja. Maktaba imeshazitofautisha, kazi iliyobaki ni kumwambia mtumiaji. Ufupi si kisingizio, maana Shotwell nayo ni fupi.

Namna ya kubana chanzo

Mpaka sentensi ile ibadilike, unaweza kujipimia mwenyewe. Kila hatua inaondoa mshukiwa mmoja.

Kwanza, andika lsusb. Kamera isipoonekana kwenye orodha, hapo kweli shuku kebo, tundu la USB, au kamera iliyojizima ili kutunza betri. Kumbuka kuna kebo za kuchajia tu, hazina nyaya za data.

Pili, ikionekana, andika gphoto2 --auto-detect. Isipotajwa humo, huenda maktaba yako ni ya zamani kuliko kamera, au kifaa kiko kwenye hali nyingine. Simu za Android, kwa mfano, zinataka uchague mwenyewe kuhamisha faili au picha.

Tatu, ikitajwa, andika gphoto2 --summary. Ikikataa kwa sababu kifaa kina shughuli, funga dirisha la mafaili na uiachilie kamera hapo, au andika gio mount -s gphoto2. Ikikataa kwa sababu ya ruhusa, ijaribu kwa sudo mara moja tu ili uthibitishe, kisha ukarekebishe ruhusa zenyewe.

Najua wapo watakaosema, "Si uchomoe kadi uweke kwenye kisoma kadi?" Kwa picha za harusi ni ushauri mzuri, tena wa haraka. Lakini mwanafunzi aliyefunga kamera juu ya sahani za mbegu, gphoto2 ikipiga picha kila baada ya dakika kumi usiku kucha, hawezi kuchomoa kadi bila kuitikisa kamera. Kebo ikilegea kidogo kisha ikashika tena, gvfs inaweza kuwahi mlango, na picha zinazofuata zisipigwe. Asubuhi anakuta pengo kwenye data. Akiuamini ujumbe wa kebo, atanunua kebo mpya, na usiku wa pili pengo litarudi pale pale.

Ndiyo maana sentensi moja inastahili kuhakikiwa. Wengi hutumia programu huria kwa sababu hawana hela ya leseni, na hao hao hawana hela ya kununua kebo isiyohitajika. Msimbo wa digiKam uko wazi, yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko. Pendekezo langu ni hili: "Kamera inaonekana, lakini programu nyingine inaitumia. Niiachilie?"