Hongera, Mafundi wa Vitanda vya Magari

Hongereni, mafundi seremala mnaotengeneza vitanda vya kufungua na kufunga ndani ya Land Cruiser na magari mengine ya safari. Kazi yenu ni ya akili. Hamtoboi bodi ya gari. Mnatumia matundu yale yale ya boliti za viti vya nyuma, na viti vikihitajika tena, spana moja inatosha. Juu mnaweka plaiwudi ya milimita 18, kingo zimepigwa msasa zisichane godoro. Chini droo za jiko, maji na vifaa. Mizigo mizito inakaa chini kabisa, gari lisiyumbe kwenye kona. Msafiri analala pakavu, vyombo havimrukii akifunga breki. Wenye magari, walipeni mafundi hawa ujira unaolingana na ujuzi wao.