Sifa za Mwenye Kuimba Wimbo wa Mwenzake

Katika sanaa zote ambazo watu wa pwani wamejaaliwa kuzipenda, sidhani kama iko iliyodhulumiwa heshima yake kuliko ile ya kuimba wimbo uliokwisha kuimbwa na mwingine. Kwani mtunzi husifiwa kwa kutunga, na mwenye sauti husifiwa kwa sauti, lakini yule asimamaye mbele ya watu waliouhifadhi wimbo moyoni, neno kwa neno na pumzi kwa pumzi, akawaimbia wimbo ule ule nao wakasisimka kana kwamba hawajapata kuusikia, huambiwa tu kwamba amepiga kopi, na maneno yakaishia hapo. Nimekusudia kumtetea mtu huyo, na shahidi wangu wa kwanza namtoa Mtunda.

Mtunda ni kata ya Wilaya ya Kibiti, katika nchi ya Warufiji na Wandengereko, ambako mwaka huhesabiwa kwa mpunga na korosho, na ambako mwenye kuoza aghalabu hungoja kwanza mazao yauzwe. Bendi kubwa za Dar es Salaam si za kuletwa huku na kila mwenye arusi, maana gharama yake ingemaliza mahari na karamu pamoja. Basi nyimbo za bendi hizo huwafikia watu kwa vinywa vya mafundi wa papa hapa, wenye gitaa mbili, kinanda kimoja, spika za kukodi na jenereta inayonguruma nyuma ya nyumba. Katika arusi ya namna hiyo nilimsikia mzee mmoja akiimba "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, na tangu hapo nimeshindwa kuwakubali wale wasemao kwamba kuiga ni kazi ya asiye na chake.

Ajuaye habari za Mbaraka, aliyefariki kwa ajali ya barabarani karibu na Mombasa mwezi wa Januari 1979, anajua kwamba mtu yule alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa la solo kwa wakati mmoja, hata sauti yake inapokoma gitaa hudakia, na gitaa linaponyamaza sauti hurejea, na yote mawili ni pumzi ya kifua kimoja. Yule mzee wa Mtunda hakuwa na karama hiyo. Gitaa lilikuwa mikononi mwa kijana aliyeketi juu ya kreti la soda, mwenye umri wa mjukuu wake, na ikawalazimu watu wawili kufanya kwa mapatano kile ambacho marehemu alikifanya kwa dhati ya nafsi yake. Nikaona namna walivyopatana. Mzee aliushusha wimbo chini kidogo, kwa kuwa koo lake halikuwa tena la kupanda juu; afikapo mwisho wa kipande huinua kidevu kidogo, na kijana, asiyeondoa macho yake katika kidevu kile, hungoja kitambo kisichokuwamo katika santuri, ndipo akajibu. Ngojea ile haikuwamo katika kazi ya Mbaraka, wala haikuweza kuwamo, kwa kuwa mtu hajingojei mwenyewe; ilizaliwa pale Mtunda, kwa dharura ya watu wawili kuibeba kazi ya mmoja, na katika ngojea ile shida inayoimbwa iliingia moyoni kwa mlango mwingine. Akina mama waliokwenda kumtuza hawakuwa wakimtuza Mbaraka.

Watu wa zamani waliielewa hali hii vizuri kuliko sisi, nami natoa dalili katika ushairi. Sayyid Abdallah bin Nasir wa Pate alipozichukua beti za kale zinazonasibishwa na Liyongo Fumo akazitia katika takhmisa, hakuthubutu kuzibadili. Aliyaacha maneno ya kale mahali pake, akatanguliza vipande vitatu vyake mbele ya viwili vya kale, na uhodari wake wote ukawa ni kuvifikisha vile vyake penye vile vya mwenzake pasipo msomaji kuuona mshono. Hakuna aliyemwita mwizi, wala aliyesema kwamba hana chake. Kwa nini basi tumnyime mwimbaji hukumu tuliyompa mshairi?

Fauka ya hayo, muziki tunaouita wetu ulianza kwa njia hiyo hiyo. Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu iliyoasisiwa Unguja mwaka 1905, ilikuzwa kwa nyimbo za Kiarabu na ladha ya Misri. Santuri za Kikuba zilizotolewa kwa alama ya GV tangu mwaka 1933 ziliwafunza vijana wa Afrika miondoko ambayo bendi za dansi ziliiga kwanza, na baadaye zikaigeuza. Na Juma Bhalo wa Mombasa alizitwaa sauti za filamu za Kihindi, akazivika mashairi ya Kiswahili fasaha, mengi yakiwa ya jamaa yake Ahmad Nassir, hata wako waliodhani kwamba ni Wahindi walioiga kwake. Nyimbo zetu nazo zimesafiri. "Malaika," ambayo utungaji wake ungali unagombewa lakini ambayo Fadhili William ndiye aliyeitangaza kwa kuirekodi, iliimbwa na Miriam Makeba, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kuzaliwa, na bado dunia ikaipenda kwake kabla ya kumjua Fadhili. Na "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms ya mwaka 1982 haikumaliza hata miaka miwili kabla ya kundi la Boney M kuichukua. Nami nina neno la ukali kidogo kwa wachukuaji kwa jumla: kuchukua pasipo kumtaja mwenyewe ni dhuluma, na ukubwa wa jina la mchukuaji hauipunguzi dhuluma hiyo bali huizidisha. Yule mzee wa Mtunda, asiyedaiwa na mtu yeyote, alishika kipaza sauti akasema wimbo ni wa marehemu Mbaraka, akamwombea rehema, ndipo akaimba.

Lakini mfano nilioupenda kuliko yote ni ule wa waimbaji wa taarabu wa Unguja, Siti binti Saad na Bi Kidude. Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri za zama zile hazikuweza kubeba zaidi ya dakika chache kila upande, hivyo nyimbo ambazo huko Unguja huenda zilikesha na watu zilibanwa zikakatwa ili zienee. Bi Kidude aliziimba nyimbo za Siti mpaka uzeeni, naye alifariki mwezi wa Aprili 2013. Wala hakuziimba kama Siti. Sauti yake ilikuwa nzito yenye mkwaruzo, ya mwanamke aliyezoea ngoma ya unyago kuliko udi na fidla, na aliponyosha neno alilinyosha kadiri ya pumzi yake na hamu ya wasikilizaji, si kadiri ya upana wa santuri. Kwa namna hiyo alizirudishia nyimbo zile uhuru ambao mashine ilikuwa imezinyima, na huo naushuhudia kuwa ni utumishi mkubwa kwa Siti, mkubwa kuliko kama angalimwiga sauti.

Vijana wa sasa huko Kibiti hujifunza kwa simu, na huko Siti wanamfikia kupitia kwa Kidude. Nimewasikia baadhi yao wakijikwaruza koo kwa makusudi ili wafanane naye, na hapo ndipo sifa yangu inapokoma. Mkwaruzo ule ulikuwa ni umri wake, tumbaku yake na safari zake, si mali ya wimbo. Niliwaambia wauache, wasikilize badala yake mahali Kidude anapochelewa kuingia baada ya ngoma, na mmoja wao, binti mwenye sauti nyembamba kama ya chiriku, akajaribu kuchelewa vile. Mara ya kwanza alichelewa mno, mpiga ngoma akacheka, wakaanza tena.