Bwana Msa Anaporudi

Kisima cha Giningi (1968) hakikifikii Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ingawa mwandishi ni Muhammed Said Abdulla yule yule, na Bwana Msa na kiko chake hawajabadilika. Katika Mzimu, maiti ya Bwana Ali inapokutwa mzimuni, msomaji huyumba: huenda wazee wa kale wamekasirika kweli. Bwana Msa anapokataa, anapingana na imani ambayo sisi wenyewe hatujaiacha kabisa. Giningi, makao ya wachawi yasiyoonekana, ingepasa kututisha zaidi ya mzimu wowote. Lakini tumekwisha kujua kwamba nyuma ya uchawi Msa atamtoa binadamu mwenye tamaa yake. Hofu imekufa kabla ya ukurasa wa kwanza. Wahakiki wamezoea kumtaja Sherlock Holmes hapa. Kwangu hilo ni dogo. Kilichokidhuru kitabu cha pili ni kufaulu kwa cha kwanza. Duniani Kuna Watu (1973) kinapona kwa kuwa kinaiweka mizimu kando na kugeukia nasaba: nani mwana wa nani? Hapo Msa hakuwa ametupa jibu mapema.