Kaa, Keti, Ngoja: Maoni juu ya Istilahi za Kumfunza Mbwa Msaidizi

Mswada uliofika mezani kwangu mwanzoni mwa mwaka huu ni tafsiri ya kitabu kidogo cha Kiingereza kuhusu mafunzo ya awali ya utii kwa mbwa watakaokuja kuwasaidia watu wenye ulemavu na kuwafariji wagonjwa. Kurasa zake hazifiki mia moja. Niliuchukua nikidhani utanimalizia siku mbili; nimekaa nao majuma matatu. Naandika makala haya kwa kuwa makosa niliyoyakuta humo hayamhusu mfasiri huyu peke yake, bali yatuhusu sote tunaopokea fani mpya kwa haraka.

Huenda msomaji akauliza, mbwa wa namna hiyo watuhusu nini? Ni kweli kwamba shughuli yenyewe ilianzia mbali. Shule ya kwanza ya mbwa wa kuwaongoza wasioona ilifunguliwa mjini Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Marekani ikafuata mwaka 1929, na Uingereza mwaka 1931. Lakini neno likishachapishwa katika tafsiri, mwalimu hulifundisha na karani hulitia katika fomu. Kulifuta baada ya hapo ni kazi ya miaka.

Niseme kwanza lililo jema. Sura ya malezi imefasiriwa kwa Kiswahili kinachosomeka. Twaelezwa jinsi mtoto wa mbwa, akiwa na umri wa majuma manane hivi, anavyopelekwa kwa jamaa waliojitolea kumlea, akazoeshwa ngazi, magari, makelele ya sokoni na mikono ya watoto, mpaka atimize mwaka na zaidi ndipo arudishwe shuleni. Mfasiri hapo hakubabaika. Taabu inaanza kwenye sura ya amri.

Kiingereza kina neno moja la kumwamuru mbwa aweke matako chini, na neno jingine la kumwamuru asiondoke alipo, awe amesimama au amelala. Mfasiri ametumia “kaa” kwa yote mawili. Sisi binadamu hatuoni tatizo, maana twasema kaa kitini, kaa kimya, amekaa Tanga miaka kumi, na muktadha hututosheleza. Mbwa hana muktadha huo. Ana sauti tu. Msingi wa fani hii ni kwamba sauti moja ifungwe na tendo moja, na mswada wenyewe umesema hivyo katika ukurasa wa nne, kisha ukajikana katika ukurasa wa kumi na tatu.

Kwa tendo la kwanza tuna “keti”, na halina mshindani. Kwa la pili, mwenzangu mmoja ofisini alipendekeza “ngoja”. Neno ni zuri na kila mtu analijua. Nililipinga, na napenda kueleza kwa nini, kwa sababu hoja hii haimo katika kanuni tulizozoea za kuunda istilahi. Amri ya kumwita mbwa ni “njoo”. Limba “njoo” na “ngoja” kwa sauti kubwa, kutoka upande wa pili wa uwanja, upepo ukivuma: yote mawili yaanza kwa king'ong'o, na yote mawili yabeba irabu “o” penye mkazo. Maana zake ni kinyume kabisa. Mbwa aliyeachwa ukingoni mwa barabara na kuamriwa angoje, akasikia njoo, atavuka. Nilifikiri pia juu ya “tulia”, lakini neno hilo mwenye mbwa hulitamka mchana kutwa bila kukusudia amri yoyote, na amri inayotamkwa ovyo hufa. Napendekeza “baki”. Ni fupi, na midomo huifungua kwa kishindo.

Kuna amri nyingine ambayo mfasiri ameiandika “Kisigino!” Nilicheka, kisha nikajirudi, maana kamusi ndiyo iliyomponza: Kiingereza hutumia neno la kisigino kumwamuru mbwa atembee karibu na mguu wa bwana wake, asitangulie wala asibaki nyuma. Hii ndiyo tafsiri sisisi kwa umbo lake kamili. Maana inayotakiwa tunayo tayari katika “sambamba”.

Amri zikikosewa, mbwa na mwenyewe watapata shida. Majina ya mbwa wenyewe yakikosewa, shida itamfika karani wa mlangoni na mtu aliyesimama mbele yake. Mswada unamwita mbwa wa wasioona “mbwa kiongozi”. Kwa masikio yetu kiongozi ni mwenye madaraka, anayejua tuendako. Mbwa huyu hajui. Anayejua njia ni mtu. Ndiye anayeamuru mbele, kushoto, kulia, na ndiye anayesikiliza magari kabla ya kuamua kuvuka. Kazi ya mbwa ni kukwepa shimo, nguzo na baiskeli, na kusimama penye ukingo wa njia. “Mbwa mwongozaji” lina mzizi ule ule, lakini limesimama karibu na usemi wa siku zote wa kumwongoza asiyeona kwa mkono, nami naliridhia.

Akiamriwa mbele na gari linakuja, mbwa hugoma. Fani inalisifu tendo hili na kulifunza makusudi. Mswada umeliita “uasi wenye akili”. Uasi una bendera na bunduki. Waalimu wa mbwa watataka neno moja, nami sinalo. Kwa sasa yatosha kusema “kukataa kwa hadhari”. Na kile chombo cha kifuani chenye mshikio mgumu kisiitwe hatamu. Hatamu huvutwa kichwani mwa farasi, na kwa kizazi kilichokua tangu Chama kishike hatamu, neno limeshapata kazi nyingine. “Ukanda wa kifua” watosha.

Pamoja na hayo, kuna mahali lugha ilikuwa na neno nalo likasahauliwa. Kifaa kidogo kinachotoa mlio ili kumjulisha mnyama kwamba amepatia, chakula kikifuata, kimeitwa “kibofyo”. Kiswahili kina kidoko. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku wamefunzwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwa mlio na chakula vivyo hivyo. Basi tuseme “kifaa cha kidoko”.

Nimeliacha mwisho lililo gumu. Mswada una “mbwa wa huduma” na “mbwa wa tiba”, na mara nyingine unayachanganya. Sheria ya Marekani, katika kanuni zilizotolewa mwaka 2010, yatenga waziwazi: mbwa aliyefunzwa kazi maalumu kwa ajili ya mtu mmoja mwenye ulemavu huruhusiwa kuingia naye dukani, hotelini na ofisini; mbwa anayezuru wodi kuliwaza wagonjwa hana haki hiyo, huingia kwa kualikwa. “Wa huduma” hakuonyeshi nani anahudumiwa; “mbwa msaidizi” ni wazi zaidi. “Wa tiba” ni hatari, kwani msomaji wa vijijini atadhani mbwa huyo ni dawa, au ni wa mganga. Napendekeza “mbwa wa faraja”, nikikiri upungufu wake: mgonjwa anayemchana mbwa manyoya ili kuunyosha mkono uliopooza hapati faraja tu, anafanya zoezi lililopangwa na mtaalamu.

Mswada umerudishwa kwa mfasiri pamoja na maoni haya. Nimemwomba jambo moja zaidi: kabla hajaandika upya sura ya amri, aende uwanjani na mtu mwenye mbwa, wasimame mbali, azitamke zote sita kwa sauti.