Ufundi wa Kumwandika Kaa

Mvua inyeshayo juu ya nyanda za Mau nchini Kenya hugawana njia. Maji yanayoshika Mto Njoro hupita karibu na Chuo Kikuu cha Egerton na kuishia Ziwa Nakuru, ziwa la magadi lisilo na pa kutokea. Ya Mto Molo huelekea Baringo. Ya Mara huenda Ziwa Victoria, na ya Ewaso Ng'iro ya kusini huteremka hadi Natron, Tanzania. Kwa kaa wa maji baridi, migawanyiko hiyo ni mipaka.

Watoto wa kaa wa Pwani huanguliwa wakiwa lava wadogo mno, wakachukuliwa mbali na mikondo ya bahari. Kaa wa mtoni hana awamu hiyo. Jike hubeba mayai machache na makubwa chini ya tumbo, na wanaotoka humo ni kaa kamili, wadogo, wasiokwenda mbali na jiwe la mama yao. Maelfu ya miaka ya kutengana hivyo, bonde kwa bonde, huzaa spishi. Kwa hiyo anayechunguza kaa wa Bonde la Ufa hana ruhusa ya kudhani kwamba wa mto huu na wa mto ule ni wamoja kwa sababu wamefanana rangi.

Mwaka 2007 Michael Dobson, Jude Mathooko wa Egerton na wenzao walichapisha utafiti kuhusu kaa anayetawala ikolojia ya vijito vya Bonde la Ufa, ambaye maisha yake hayafuati majira. Kichwa cha makala hiyo hakimtaji kwa jina la spishi. Utafiti wao wa mito ya Mlima Kenya, wa mwaka huohuo, nao ulitaja kichwani jenasi tu: Potamonautes. Mwanaikolojia anaweza kuhesabu wanyama bila jina. Kulinganisha mto na mto ndiko kunakomshinda.

Hapo ndipo anapohitajika mwelezaji wa spishi, fundi wa meza na hadubini.

Kazi yake hutegemea zaidi dume aliyekomaa. Rangi ni shahidi dhaifu, kwani ndani ya spiriti zambarau na chungwa hufifia zote kuwa hudhurungi. Huandikwa mapema, kaa angali hai. Baada ya hapo fundi hugeukia mistari. Nyuma ya macho kuna ukingo unaovuka gamba: unafika pembeni kabisa, au unakatika njiani? Jino la kwenye kona ya jicho lina ncha, au limefutika? Kifuani kuna mifereji inayotenganisha bamba na bamba: upi umekamilika, na upi umebaki alama mbili za kando? Gando la kulia hupimwa dhidi ya la kushoto. Kisha fumbatio lililokunjwa chini ya mwili hufunuliwa, na humo mna ushahidi unaoaminiwa kuliko wote: jozi ya kwanza ya viungo vya kupandia vya dume. Mpindo wa ncha yake unaweza kutenganisha kaa wawili waliofanana kila mahali pengine.

Haya yote huchorwa kwa mkono hata leo, wakati kila simu ina kamera. Si ushamba. Picha huonyesha kila kitu kwa usawa, matope na nywele pamoja. Mchoro huamua kipi ni muhimu, na mchoraji hubeba lawama ya uamuzi huo. Vinasaba vimeongeza shahidi mwingine. Kwa njia hiyo Savel Daniels na Julian Bayliss walitenga kaa wawili wapya wa milima ya Malawi na Msumbiji mwaka 2012.

Mwishoni kaa mmoja huteuliwa kuwa holotaipu, akahifadhiwa kwenye makumbusho, na jina jipya hufungwa kwenye mwili wake. Heshima ya ufundi huu imo humo: mwandishi anakabidhi hadharani kitu kinachoweza kumwumbua. Mwaka 1924 Giuseppe Colosi, akishughulikia kaa wa Kiafrika wa makumbusho ya Stockholm, alimwita mmoja loveni, kwa heshima ya Sven Lovén aliyeongoza msafara wa Wasweden Mlima Elgon mwaka 1920. Leo jina hilohilo hutumiwa kwa kaa wa mito inayolisha Ziwa Naivasha. Kutoka Elgon hadi Naivasha ni mbali kwa mnyama asiyesafiri, lakini mwenye shaka anajua pa kwenda kuhakikisha. Mwaka 1955 Mjerumani Richard Bott aliunganisha spishi nyingi za Afrika. Wengine, akiwemo Neil Cumberlidge, wamezitenganisha tena, na kitabu chake na Sally Reed kuhusu kaa wa Tanzania, cha 2006, kina kurasa 139. Bila vielelezo vya zamani, ubishi wote huo ungekuwa maneno matupu.

Kuna kaa ambaye maisha yake yalijulikana kabla ya jina. Mwaka 2002 Bayliss aliandika habari za kaa wa Usambara Mashariki, Tanzania, anayeishi ndani ya matundu ya miti yaliyojaa maji. Miaka miwili baadaye Cumberlidge na Marco Vannini walimpa jina, Potamonautes raybouldi, wakimjumuisha na kaa wa Shimba Hills, Kenya.

Wanaoona kazi hii ni anasa wakumbuke usubi. Mwaka 1950 van Someren na McMahon waligundua kwamba mabuu ya usubi aitwaye Simulium neavei, aliyekuwa mwenezaji wa upofu wa mto nchini Kenya, hukua yakiwa yamejishikiza juu ya kaa wa mitoni. Naivasha nako, kamba wekundu wa Marekani walipandikizwa mwaka 1970. Anayetaka kujua wamemfanya nini kaa wa huko sharti kwanza ajue alikuwa kaa gani.

Tathmini ya kwanza ya kaa wa maji baridi duniani, ya mwaka 2009, ilipitia spishi 1,280. Kati ya hizo, 628 zilikosa taarifa za kutosha kukadiria hatari inayozikabili. Mwaka 2017 Cumberlidge na Paul Clark wa London waliongeza watatu wapya kutoka kusini mwa Uganda, karibu na Ziwa Victoria. Mmoja hakutoka msitu wa mbali wala kilele cha mlima. Anaitwa Potamonautes entebbe, jina la mji wenye uwanja mkuu wa ndege wa nchi hiyo.