Chris Alikuwa na Basi Mbili

Kila tukiomba vijana waandikie gazeti letu hili, nusu ya karatasi zinazorudi zinaongelea shule ya utotoni. Kengele, yunifomu, mwalimu mkali na fimbo yake, kalamu moja ya watu wawili. Ninazipenda. Lakini kuna kitu kimeanza kunisumbua nikizisoma, na nitakisema wazi: baadhi ya shule hizo hazikuwahi kuwepo. Kijana mmoja wa kikundi chetu aliandika juu ya kabati yake ya chuma, yenye namba, kwenye korido ya shule. Mwenzake akaandika basi la njano. Nikamuuliza, basi la njano la kutoka wapi kwenda wapi? Kutoka Fizi mpaka Karonga? Tulicheka sana, na yeye akacheka, kisha akasema: "Lakini ninalikumbuka kweli." Ninamwamini. Analikumbuka kutoka kwenye televisheni.

Basi leo siandiki juu ya kitabu. Naandika juu ya kipindi cha Kimarekani cha mambo ya shule, Everybody Hates Chris, ambacho wengi wetu tuliotoka Kongo tulikijua kwanza kwa Kifaransa, Tout le monde déteste Chris. Tumekiangalia chote kwenye kikundi, Jumamosi kwa Jumamosi, kwenye laptop moja yenye spika mbovu. Vipindi 88. Nadhani ni kipindi kizuri kuliko vyote vya aina yake, na nadhani pia kina uongo mmoja ndani yake ambao hapa Dzaleka unaonekana haraka kuliko huko kilikotengenezwa.

Kwanza niseme namna vitu hivi vilivyotufikia, maana wageni wanashangaa tukitaja MacGyver. Malawi yenyewe haikuwa na televisheni yake mpaka 1999. Enzi ya Kamuzu Banda haikuwepo kabisa, ndiyo maana jirani zetu Wamalawi wenye umri, ukiwaomba wakumbushe zamani, wanakuimbia nyimbo za redio. Wazee wetu wa Zaire wanajua kwamba televisheni ilianza Kinshasa 1966, lakini kando ya ziwa Tanganyika nani alikuwa na seti? Sisi watoto wa kambi tulipata kila kitu kupitia banda la video: mabenchi, jenereta, pazia jeusi dirishani, kwacha chache mlangoni. MacGyver ya 1985, Fresh Prince ya 1990 na Prison Break ya 2005 zilifika pamoja, kwenye CD za kunakiliwa zilizonunuliwa sokoni Lilongwe. Kwa hiyo kwetu "za zamani" maana yake ni zile zilizotukuta tukiwa wadogo, hata zikipishana miaka ishirini. Na waliopitia Tanzania wana kumbukumbu nyingine tena: sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa Dar es Salaam aliyekuwa anasema maneno ya watu wote wa sinema peke yake, mwanamume, mwanamke, polisi na jambazi, na kuongeza maoni yake juu. Nitamrudia Lufufu.

Ile kabati ya chuma nadhani inatoka Saved by the Bell, ya 1989 hadi 1993, shule ya California ambako jua haliishi na hakuna mtu anayehesabu pesa. Hicho ni kipindi cha kutamani. Ukikiangalia na njaa unatoka na njaa mbili.

Everybody Hates Chris ni kitu kingine. Kilionyeshwa Marekani kuanzia Septemba 2005 hadi Mei 2009, na kinatokana na utoto wa mchekeshaji Chris Rock, aliyekulia Bedford-Stuyvesant, mtaa wa watu weusi Brooklyn, New York. Chris wa kwenye kipindi ana miaka 13 mwaka 1982. Mama yake hataki asome shule ya mtaani, kwa hiyo anapanda basi mbili kila asubuhi kwenda shule ya wazungu, na huko yeye ndiye mweusi peke yake. Anapigwa na mvulana anaitwa Caruso. Ana rafiki mmoja tu, Greg, ambaye ngumi zikianza anakimbia. Shule yenyewe inaitwa Corleone, jina la wale majambazi wa sinema ya The Godfather, ili ujue mapema unaingia wapi.

Baba yake, Julius, ndiye aliyetuteka. Ana kazi mbili, na anajua bei ya kila kitu ndani ya nyumba. Maziwa yakimwagika mezani anataja ni ya senti ngapi, na hayo maziwa lazima mtu ayanywe. Anamwambia mtoto achomoe saa ya umeme usiku, maana aliyelala haangalii saa. Wamarekani nadhani wanacheka kwa sababu baba ni bahili. Kwetu kicheko kilikuwa tofauti, kilikuwa kicheko cha mtu aliyeona picha ya baba yake ukutani kwa watu. Pesa ya chakula ikichelewa, nyumba ngapi hapa zina Julius? Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanaye alisimama mlangoni mpaka kipindi kikaisha, kisha akasema tu, "Ule baba ni mtu mzuri." Na kweli kipindi hakimdharau hata mara moja. Anachekwa, lakini kila jioni anarudi nyumbani, na waandishi wanataka ulione hilo.

Sasa ndugu zetu wa mashirika, hapa naomba msome polepole. Kuna mwalimu, Bi Morello. Anampenda Chris. Anamsemesha vizuri kuliko mtu mwingine yeyote pale shuleni. Na kila akifungua mdomo inaonekana ameshajiandikia maisha ya huyu mtoto kichwani: baba atakuwa amekimbia, mama atakuwa na madawa ya kulevya, nyumbani hakuna chakula. Hamuulizi. Anamhurumia tu, na anaendelea. Wakati huo Julius yuko nyumbani amelala, ametoka kazi ya usiku na anangoja kazi ya mchana.

Vijana walipomwona huyu mwalimu hawakuhitaji maelezo yangu. Mmoja alisema: "Ule ni kama wageni wenye wanakuyaka na fomu." Kelele zilikuwa kubwa. Mimi pia natembea na fomu, ndiyo kazi yangu, na sikuona kwamba amekosea. Fomu ina nafasi ya kuandika kilichokosekana nyumbani kwako. Sijaona yenye nafasi ya kuandika kwamba baba yako anajua bei ya maziwa.

Lakini hapa pia kipindi kinanichosha kidogo. Utani wa Bi Morello unarudiwa misimu na misimu, na mara nyingi Chris anakaa kimya au anakunja uso, basi. Anayejibu ni msimuliaji, yaani Chris Rock mwenyewe, mtu mzima, ambaye hatumwoni ila tunamsikia juu ya picha. Mtoto anapigwa, sauti inatania. Mtoto anadhalilishwa darasani, sauti inamalizia kwa neno la kuchekesha. Ni kama Lufufu: picha ni ya watu wengine, lakini mwenye sauti ndiye mwenye sinema. Tofauti ni kwamba Lufufu alikuwa anaongea nasi tuliokaa kwenye benchi, na alikuwa hana deni kwa mtu yeyote ndani ya picha. Huyu anaongea juu ya utoto wake, na anaweza kuucheka kwa sababu anajua aliufikisha wapi. Tajiri, maarufu, jina lake liko kwenye kipindi.

Huo ndio uongo niliousema. Kwenye maisha ya kweli Chris Rock alizaliwa 1965, kwa hiyo mwaka 1982 alikuwa na miaka 17, si 13. Alipelekwa shule za wazungu, akateswa, akaacha sekondari, baadaye akafanya GED, mtihani wa Marekani wa watu ambao hawakumaliza. Kipindi kimeusogeza utoto wake mbele miaka minne, kikaupaka muziki wa miaka ya themanini na nguo za rangi, na kipigo kikawa utani wa kila wiki. Simlaumu mtu kwa kucheka alipopigwa. Ila kutamani zamani kwa namna hii kunamhitaji mtu aliyeshafika. Aliye bado njiani hawezi kuongea kwa sauti hiyo, na akiilazimisha utamsikia inavyokwama.

Hili sikulifikiria mwenyewe. Nililisikia Jumamosi ya kipindi cha mwisho.

Kwenye kipindi hicho Chris ameshaingia sekondari. Amechelewa shule mara nyingi mno, anaambiwa atarudia mwaka. Anaamua kuacha na kufanya GED. Mwisho kabisa familia yote imekaa kwenye mkahawa, baba anafika na matokeo, na kabla hatujajua kitu, skrini inakuwa nyeusi. Kwisha. Wamewaiga The Sopranos, walioishia hivyo hivyo 2007, lakini kwetu nani alijua hayo? Vijana walidhani betri imekufa. Mmoja alienda kuangalia waya.

Tukaanza kubishana. Wengi walisema hakuna cha kubishana, alifaulu, si unaona amekuwa Chris Rock? Katika kikundi kuna dada ambaye 2023 alikuwa Form 3 kwenye sekondari moja ya Lilongwe. Mwaka ule ilipotoka amri kwamba wakimbizi wanaokaa mijini warudi kambini, nyumba yao ilifungwa katikati ya muhula, na daftari zake za fizikia zilibaki huko. Huwa haongei sana. Siku hiyo alisema: "Mwenye anaongea ndiye alifaulu. Ule mtoto kwenye kiti hajui bado." Kisha akaongeza, na hapa wote walicheka ila yeye: "Na alikuwa na basi mbili. Mie kutoka hapa nahitaji kibali kwanza."

Nimesoma maoni mengi juu ya kipindi hiki na sijakuta lililofikia hilo. Wanaosifu ule mwisho wanasifu ujanja wa waandishi. Yeye aliona kwamba, kwa dakika moja, msimuliaji alinyamaza, na mtoto akabaki peke yake na bahasha ambayo haijafunguliwa. Ndiyo dakika ya kweli kuliko zote katika vipindi 88, na waliokuwa wanatafuta waya waliikosa.

Tangu siku hiyo nasoma zile karatasi za shule ya utotoni kwa namna nyingine. Yule wa basi la njano, nadhani, aliazima shule kwa sababu yake haijaisha vizuri, na sisi tulimwomba kumbukumbu. Na mashirika yanapoitisha insha ya "safari yangu ya elimu", yenye changamoto katikati na mafanikio mwishoni, yanaomba sauti ya msimuliaji kutoka kwa mtu ambaye bado yuko mkahawani. Atawapa. Vijana hawa ni werevu, watawapa na kabati ya chuma juu.

Yule dada anajisomea ya Form 4 kwa vitabu vya kuazima, anataka kufanya MSCE kama mtahiniwa wa nje. Nilimwomba aandikie toleo hili yale aliyoyasema. Alikataa. Alisema ataandika matokeo yakitoka, yakiwa mazuri au mabaya, na nisimsumbue kabla.

Vipindi vyote viko kwenye flashi yangu, vya Kiingereza na baadhi vya Kifaransa. Kwa Kifaransa msimuliaji ana haraka mno, anzeni na Kiingereza. Msimu wa kwanza tunaurudia Jumamosi saa nane mchana, umeme ukiwepo. Njooni na viti.