Mapenzi ya Seyyida Salme na Kimya cha Kitabu Chake

Wanafunzi wetu hukipenda kisa cha Seyyida Salme wa Unguja kwa kuwa kina binti mfalme, mapenzi na safari ya siri. Hatuwalaumu. Lakini kazi ya uhakiki ni kukiuliza kisa lile ambalo chenyewe hakipendi kuulizwa.

Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, alizaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844. Alipokuwa mtu mzima alimpenda jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg. Mwaka 1866, akiwa mja mzito, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku hiyo hiyo. Mwaka 1870 Ruete alikufa kwa ajali ya tramu, akamwacha mjane ugenini na watoto watatu wadogo. Mwaka 1886 Salme alitoa kumbukumbu zake mjini Berlin, kwa Kijerumani.

Katika kitabu hicho mavazi, vyakula na sikukuu vimeelezwa kwa urefu. Mapenzi yamepewa kurasa chache, na mimba haikutajwa. Je, huo ni upungufu wa ufundi? Hatudhani hivyo. Mwandishi alisimama mbele ya jamii mbili: moja iliyomhesabu kuwa ameasi dini na ukoo, nyingine iliyomtazama kama kioja. Kimya chake ni ushahidi wa ubaguzi huo.

Tena tuangalie nyumba aliyozaliwa. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa na kuuzwa utotoni. Masuria wengine walikuwa Wahabeshi. Damu zilikwisha kuchanganyika kitambo, na hakuna aliyepiga kelele, maana mchaguzi alikuwa mwanamume mwenye enzi. Ni kweli kwamba sheria ya dini humkataza mwanamke Mwislamu kuolewa na asiye Mwislamu. Hata hivyo, mila nayo ilikuwa na mizani yake: lililokuwa fahari kwa baba likawa maangamizi kwa binti.

Twaandika haya Nalasi, mkoani Ruvuma, katika nchi ya Wayao. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na kaka huilinda mbumba yake, yaani dada zake na watoto wao. Kwa hiyo twaelewa fedheha iliyompata Seyyid Majid, kaka yake Salme aliyekuwa akitawala. Lakini twakumbuka pia kwamba misafara ya nchi hii ilishuka Kilwa na pembe za ndovu pamoja na watumwa, na wengi wa watumwa hao walivushwa hadi Unguja.

Hapo ndipo kitabu kinapotushinda kukisifu. Katika sura ihusuyo utumwa, Salme anautetea, na kumsema mtu mweusi kuwa ni mvivu asiyefanya kazi bila ya kulazimishwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Aliyeonja kudharauliwa kwa asili yake hakuitambua dharau hiyo ilipotoka katika kalamu yake mwenyewe.

Basi walimu wakisomeshe kitabu hiki, wala wasikifiche. Mwanafunzi amhurumie Salme kwa haki, kisha aulize ni nani waliopika, waliofua na waliobeba mizigo katika jumba la Mtoni, nao waliruhusiwa kumpenda nani.